Rangi Aliyoikuta Mama Kwenye Rejeta

Mtoni,
Unguja.
9 Novemba 2023.

Mpendwa Kaka Hamid,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta huko Maskati ukiwa mzima wewe, wifi yangu Bashira na mtoto. Mgongo wako vipi? Kheir, aliyekuja likizo kutoka huko kwenu, alituambia siku hizi unalala sakafuni kwa sababu yake. Ukiona haupoi nenda hospitali, usijifanye chuma. Sisi huku tu wazima, kwa maana ya kwamba tunakula, tunalala na tunaamka. Mvua za vuli zimeanza na paa la jikoni linavuja pale pale.

Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu, maana tangu tulipokuwa shule hujapata barua yangu. Ningeweza kukutumia sauti kwenye simu kama wanavyofanya wote. Lakini sauti za simu ndizo zilizotufikisha hapa tulipo, na kalamu angalau humpa mtu nafasi ya kulitazama neno kabla halijatoka. Kheir anasafiri Jumapili, nimempa barua hii, mfuko wa pilipili manga za shamba la Kidichi, na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa gazeti. Hicho kifurushi usikifungue kwanza, soma mpaka nitakapokutajia.

Uliniuliza hali yangu na sikukujibu. Sijalia, kaka. Sikulia siku ndugu yetu Pandu alipotutoka, sikulia kwenye hitma, na arubaini imepita sikulia. Majirani wananisifu, wanasema Khairat kajaaliwa subira. Si subira hii. Nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Naujua upo, lakini ukiufinya siusikii. Nasomesha watoto wangu wa shule, nafua, napika. Nguo za Pandu nimezikunja mimi na kuzitoa sadaka mimi. Nakueleza haya ili ukiyasoma ya mbele usidhani naandika kwa hasira. Hasira ingekuja ningeikaribisha na kuipa kiti.

Sasa nije kwenye gari. Pandu hakuoa, hakuacha mtoto. Kaacha kanzu zake, redio na ile gari. Siku ile alirudi kazini akaiegesha pembeni ya kisima, akaingia ndani akasema kifua kinambana, na kabla ya magharibi tulikuwa tunamtafutia sanda. Gari ikabaki pale pale, magurudumu ya mbele yamekata kidogo kushoto kama alivyoyaacha, na hakuna aliyeigusa mpaka arubaini ilipokwisha.

Unamjua mama na kombe, yale maji yake ya aya. Sote katunywesha, wewe kwa degedege, mimi kwa ndoto mbaya. Pandu peke yake ndiye aliyekataa tangu alipopata ndevu. Alikuwa akimwambia mama kwamba yeye akiumwa atakwenda hospitali, na mwishowe hospitali hakwenda na kombe hakunywa. Hata hivyo mama hakuchoka. Kila mwezi alimwekea kikombe chake kando ya kitanda, na kila asubuhi alikikuta kimejaa vile vile, akaenda kukimwagia mrehani uani. Mrehani wetu ndio uliosomewa kuliko mtu yeyote Mtoni.

Baada ya msiba, watu wakaanza kunong'ona kwamba gari ina nuksi. Mama aliwasikia. Akaenda kwa Maalim Simai akaandikiwa aya kwa zafarani kwenye ile sahani yake nyeupe, akaziosha kwa marashi na maji, likawa kombe. Wengine gari huimwagia juu. Mama alisema kuimwagia ni kuikosha tu, kombe hunywewa, akamuuliza binamu yetu Jaku gari inakunywa kwa wapi. Jaku, ambaye hana tabia ya kuuliza watu sababu, akamwonyesha mfuniko wa rejeta. Asubuhi moja, sote hatupo, mama akaufungua mwenyewe, akatia kikombe kizima, akafunga, akaomba dua.

Siku mbili tatu baadaye Jaku aliiwasha gari kumpeleka mama shamba. Mimi nilikaa nyuma. Mpaka Bububu ilikwenda kwa kusitasita. Tulipoanza kupanda kuelekea Kidichi, Jaku alikanyaga mafuta, injini ikanguruma kwa nguvu zote, na gari haikwenda. Ilikuwa inapiga kelele imesimama. Ikaanza na kurudi nyuma, Jaku akavuta breki ya mkono, tukashuka. Alipofungua boneti na ule mfuniko wa rejeta, ndani hamkuwa na maji. Mlikuwa na kitu kizito, cha rangi ya waridi, kama faluda.

Mama alichungulia akasema, bila ya kuulizwa, kwamba hilo ni kombe lake. Ndipo tukajua alilolifanya. Jaku akapiga picha, akaipeleka kwenye kundi la familia pamoja na maelezo, na wewe ukajibu kwa sauti. Jaku aliifungua hapo hapo barabarani, kwa sauti ya juu, mama amesimama kando yake.

Sitakuandikia yote uliyoyasema. Nakuandikia moja tu, kwa sababu ndilo lililobaki: "Mama, ndugu yetu keshakufa, na hicho kidogo alichotuachia umekimaliza kwa mkono wako."

Najua ulikuwa umelemewa. Hukupata ruhusa ya kazi ukaja kumzika nduguyo, na mtu aliye mbali na maiti yake husema na ukuta. Lakini ulimi hauna mfupa, kaka, na siku ile ukuta alikuwa mama. Hakulia. Alimwambia Jaku amrudishie asikie tena. Aliposikia mara ya pili akasema umesema kweli.

Tangu siku hiyo mama si yule. Uani hapiti kwa kuwa gari, tuliyoivuta kutoka njia ya Kidichi, iko uani. Akitaka maji huzunguka kwa mlango wa mbele. Chai ya asubuhi hainywi. Sahani yake nyeupe kaifunga kwa kitambaa na kuitia chini kabisa ya sanduku. Bi Ubwa, jirani yetu, alimleta mjukuu wake ana homa anyweshwe kombe kama siku zote, na mama akamrudisha mlangoni. "Nendeni kwa mwengine," alisema. "Mkono wangu si mzuri."

Niliyasikia maneno hayo nikiwa nachambua mchele, na niliendelea kuchambua mchele. Hivyo ndivyo nilivyo sasa. Lakini mtu anaweza asisikie joto na bado akajua kwamba nyumba inaungua. Kesho yake nikamwambia Jaku tuivute gari kwa fundi.

Fundi mwenyewe anaitwa Borafya, ni mtu wa maneno mengi, gereji yake iko njia ya kwenda mjini. Kwanza alichomoa kijiti cha kupimia oili ya injini, akakuta oili nyeusi ya kawaida, akasema injini haimo katika kesi hii. Akachomoa kijiti cha giaboksi. Hicho kilitoka na faluda ile ile. Kwa hiyo kilichokuwamo kwenye rejeta kilikuwamo pia kwenye giaboksi. Nikamuuliza kikombe cha kombe kilichotiwa juu ya rejeta kinafikaje kwenye giaboksi. Akasema hakifiki, labda pawe na mlango, na kazi yetu ni kuutafuta mlango.

Akanieleza nami nakueleza wewe. Gari hizi za oto, zinazobadilisha gia zenyewe, oili ya giaboksi hupata moto sana, basi hupitishwa kwenye bomba jembamba lililolala ndani ya tanki la rejeta ili maji yaipoze. Oili ndani, maji nje. Borafya alisema ni kama mke na mume walionuniana, chumba kimoja lakini hawagusani. Bomba likitoboka, gari ikiwa inakwenda oili husukumwa ikaingia kwenye maji, na gari ikizimwa maji hurudi yakaingia kwenye oili. Oili ya giaboksi ni nyekundu. Alichukua kikopo akaichanganya na maji mbele yangu, akatikisa, ikatoka waridi nzito vile vile. Zafarani haikuwamo hata chembe.

Kisha akaishusha rejeta, akaziba mdomo mmoja wa lile bomba, na mdomo wa pili akauunga na mpira wa kompresa ya upepo. Akaizamisha rejeta nzima kwenye beseni la kufulia lililojaa maji. Kama bomba ni zima, upepo ungekaa humo humo ndani. Haukukaa. Ulitokea kwenye mdomo wa maji, mapovu mfululizo. Jaku alishika kichwa. Mimi niliyatazama mapovu yale kama mtu anayetazama televisheni ya jirani kupitia dirishani.

Nikamwomba fundi aikate rejeta kwa msumeno, kwa sababu nilijua maneno matupu hayatatosha nyumbani wala kwako. Akaikata. Sasa, kaka, fungua kile kifurushi. Hicho ndicho kipande cha bomba. Kipitishie kidole utakikuta kimelika chote, na pembeni kina tundu la kiasi cha punje ya mchele. Borafya alisema hiyo ni kazi ya chumvi, na chumvi haifanyi kazi hiyo kwa wiki moja. Imelila bomba hilo kwa miaka.

Chumvi imetoka wapi? Imetoka kisimani kwetu. Sisi hapa pwani kila kisima kina chumvi yake, tunaijua kwenye chai, lakini nani aliwahi kununua maji ya rejeta dukani na kisima kiko hatua chache? Pandu alitia maji ya kisima, Jaku alitia, na mimi nimewahi kutia. Na kisima ni kile ulichotuchimbia wewe, Mungu akulipe kheri. Sikwambii ili kukutia lawama. Nakwambia ujue kwamba tukianza kutafuta mkono ulioiua gari, hatutakosa wa kila mmoja wetu, isipokuwa wa mama.

Jaku hata hapo hakuridhika. Alisema labda bomba lilikuwa limechoka kidogo, na marashi ya kombe ndiyo yaliyolimalizia. Fundi akasema jambo hilo lina jibu jepesi: kama maji yalikuwa na rangi ile kabla ya kombe kutiwa, kombe halimo. Nani aliyeyaona kabla? Aliyefungua mfuniko ni mmoja tu.

Nikaenda kumuuliza mama. Alikuwa kwenye mkeka wake anavuta uradi, nikamngoja amalize. Nikamuuliza siku ile alipofungua rejeta, kabla ya kutia chochote, alikuta nini ndani. Aliangalia mlangoni kama kuna mtu anasikiliza.

"Nliikuta imeshatiwa," alisema.

Nikamuuliza imeshatiwa nini.

"Kombe. Rangi ile ile. Pandu keshatia mwenyewe, kabla hajafa. Mie nlimzidishia tu."

Kaka Hamid, ningependa uwe ulimwona. Usoni mwake palikuwa na kitu ambacho sijakiona tangu msiba, na kabla ya msiba sijui mara ya mwisho lini. Aliniambia hakutaka kutusimulia kwa sababu tungemcheka Pandu, mtu mzima, msomi, aliyekuwa akikataa kombe mbele yetu, kumbe kwa siri anaipa gari yake. Alilipata wapi hakujua, wala hakutaka kujua. Aliona kwamba miaka yote ile ya kumwagia mrehani haikwenda bure. Na ndiyo maana ulipomwambia kaimaliza gari kwa mkono wake, alikukubalia. Alidhani la Pandu lingetosha, na yeye kwa kutia lake juu ndiye aliyeharibu.

Kwa hiyo nilipata jibu alilolitaka fundi, na wakati huo huo nikajua bei yake. Maji yalikuwa waridi tangu Pandu yu hai. Kombe halimo, mama hana kosa. Na ile waridi ilikuwa oili, si kitu kingine. Pandu hakutia kombe. Pandu alikuwa akiendesha gari mbovu na kifua kibovu, na vyote viwili hakumwambia mtu.

Matengenezo nayaandika kwa ufupi. Jaku alipata rejeta ya mtumba iliyo nzima kwa muuza vipuri wa Darajani, baada ya kuzurura kutwa. Borafya akaipima kwenye lile lile beseni kabla ya kuifunga. Giaboksi akaimwaga, akabadilisha chujio, akatia oili mpya, akaiwasha gari ikazunguka, akaimwaga tena. Kila akimwaga, ile waridi inapungua, mpaka mwisho ikatoka nyekundu ya kung'aa unaona chini ya kikopo. Alitutahadharisha kwamba ndani ya giaboksi kuna vibamba vilivyovishwa kitu kama karatasi ngumu, na maji huvibandua, kwa hiyo ahadi hatupi. Mpaka leo inakwenda. Inapobadilisha gia huchelewa kidogo, kama mtu anayefikiri, lakini Kidichi imepanda. Kwenye rejeta sasa hatutii ila maji ya dukani ya kijani.

Siku gari iliporudi, nilimpelekea mama kile kipande cha bomba. Nikamweleza njia ya oili, njia ya maji, chumvi ya kisima. Alikishika, akaligusa lile tundu kwa ncha ya kidole, akalirudia tena.

"Kwa hivyo si kombe langu," alisema.

Nikamwambia si kombe, ni chumvi, na imeanza zamani. Nilidhani tumemaliza, nikawa nainuka.

"Na ile rangi nliyoikuta?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimeliona kwa macho yangu kwenye kikopo cha fundi, nami ni mwalimu, kazi yangu ni kumpa mtu jibu analoliuliza. Alikuwa ananitazama na bomba liko mkononi mwake. Nikamwambia, "Hiyo fundi hakuijua, mama."

"Mie naijua," alisema, akanirudishia kipande changu cha bomba, akaniambia nimtilie chai.

Nilikwenda jikoni. Pale jikoni, kaka, vidole vyangu vilikuwa baridi, na nilipoishika birika viliniuma. Viliniuma kweli kweli. Nilisimama na birika ile nikiyasikia maumivu, na nilitaka yaendelee. Hayakuendelea sana. Mungu anisamehe kwa neno nililomwambia, lakini sitalirudisha.

Asubuhi yake niliikuta sahani nyeupe imeoshwa na kuanikwa uani, kando ya gari. Mjukuu wa Bi Ubwa alikuja jioni.

Ninalokuomba ni hili. Ukishaisoma barua, mpigie mama. Usimtumie sauti, mpigie, na umpigie asubuhi anapokunywa chai. Mwombe radhi kwa lile neno, kwa maneno machache, bila ya kumweleza ulikuwa na hali gani. Atakwambia keshasamehe, na ni kweli. Kisha atashusha sauti, kwa sababu mtu mwingine wa kumwambia hana, akwambie kwamba Pandu aliinywesha gari yake kombe kabla hajafa. Wewe bomba utakuwa nalo mfukoni na ukweli wote utakuwa nao. Itika naam, kaka. Usiongeze neno.

Msalimie sana Bashira, mwambie pilipili manga nimezianika mwenyewe hazina mchanga. Mbusu mtoto. Jaku anakusalimu na anasema hafungui tena sauti ya mtu mbele za watu. Shangazi Kidawa wa Mkunazini naye anakusalimu, na Bi Ubwa pia. Salamu za mama sikumwomba. Hizo utazifuata mwenyewe.

Mola akulinde ugenini, akupe afya ya mgongo na wepesi wa kazi, na akujaalie siku ya kuja nyumbani ukasimama kwenye kaburi la nduguyo kwa miguu yako.

Ni mimi nduguyo ninayekupenda, hata wakati nisipolisikia pendo lenyewe,

Khairat.